Saba Mbili, Nane Mbili

"Akuhesabiaye hakufunzi." Mmenisikia nikiisema, na mmeniuliza imetoka wapi, kwa sababu kwenye vitabu vyenu vya shule haimo. Ilitoka Hedaru, kwenye reli, na aliyeisema kwanza ni mwanamke aliyekuwa ametoka kushindwa karata. Sogeeni karibu. Ilivyoanza ni hivi.

Namkunda alikuwa mke wa Sefania, na binti yao Nambua aliishi mbali. Sefania alikuwa mtu wa reli. Kazi yake ilikuwa kugeuza njia treni zinapopishana na kuzipungia bendera. Stesheni masta wake wa zamani alikuwa Mgoa mpweke asiye na wa kucheza naye, basi akamfundisha Sefania mchezo wa karata uitwao kribeji. Si mchezo wa kupiga karata mezani kwa kelele kama huo wenu. Ni mchezo wa kuhesabu. Una ubao wenye safu za matundu, na kila mchezaji ana msumari wake. Kila alama unayopata, unausogeza msumari wako tundu moja. Anayefika tundu la mwisho kwanza ndiye mshindi.

Ubao wake Sefania aliuchonga mwenyewe kwa kipande cha taruma kuukuu, ule mti unaobeba vyuma vya reli, akatoboa matundu moja moja kwa waya uliochomwa motoni. Kazi hiyo ilimchukua msimu mzima wa kiangazi.

Alipostaafishwa kwa sababu ya ugonjwa wa kifua, akawa mtu wa kushinda barazani. Namkunda alikuwa akirudi shamba anamkuta anacheza peke yake, mkono wa kulia ukishindana na wa kushoto. Siku moja akanawa mikono, akaketi mbele yake.

"Nifundishe basi, Baba Nambua. Huo mkono wako wa kushoto umechoka kufungwa."

Sefania alicheka mpaka akakohoa. Akamfundisha. Mwisho wa kila mzunguko unalaza karata zako nne, unaziunganisha na ile moja iliyofunuliwa juu ya fungu, kisha unataja alama zako kwa sauti. Karata zikijumlika kuwa kumi na tano, una alama mbili. Zikiwa pacha, mbili nyingine. "Na alama usiyoitaja," akasema, "mwenzako anaitaja, anaichukua. Ndiyo sheria ya meza."

Siku ile ile Namkunda aliacha alama mbili. Sefania akazitaja, akasogeza msumari wake mwenyewe, akacheka. Alipoinua macho alimwona mkewe amejifunika mdomo kwa kanga. Namkunda alikuwa ameishia darasa la pili. Mwalimu wake wa hesabu alikuwa akimchapa vidoleni kwa rula, na siku baba yake alipomtoa shule, alirudi nyumbani akiimba.

"Nilikwambia mimi si mtu wa hesabu," akasema, akainuka kwenda jikoni.

Sefania alibaki na ubao wake, na moyo ukamuuma. Akazirudisha zile alama mbili. Tangu siku hiyo hakumchukulia mkewe hata moja.

Ikawa hivi. Namkunda analaza karata, anahesabu, "Kumi na tano, mbili. Pacha, nne. Basi." Sefania anazitazama zile karata, anakohoa kidogo, kisha anausogeza msumari wa mkewe, si mara nne, mara nane.

"Umesahau kidogo tu."

"Wapi?"

"Hapa hapa. Cheza, mama, chai inapoa."

Namkunda hakuuliza zaidi. Aliona msumari wake uko mbele, akafurahi. Na Sefania alikuwa mtu wa huruma katika kila jambo. Jua lilipogeuka alihamisha kiti cha mkewe kivulini kabla ya chake. Chungwa alilomenya, nusu kubwa ilikuwa ya mkewe. Wakacheza hivyo miaka mitatu, na mara nyingi Namkunda alishinda. Bombani aliwaambia wenzake, "Mzee wa reli nimemfunga tena jana. Mimi sasa ni fundi."

Kisha kifua kikamchukua Sefania.

Matanga yalipoisha, ndugu zake wakagawana vitu. Baiskeli ikaenda, redio ikaenda, koti la reli lenye vifungo vya shaba likaenda. Ubao hakuna aliyeutaka. Shemeji mmoja aliupima mkononi kama utafaa kwa kuni, akauona mdogo, akautupa kitandani. Hivyo ndivyo ulivyombakia Namkunda, na hakubakiwa na kitu kingine kilichotengenezwa na mikono ya mumewe.

Sasa, katika chumba cha nyuma cha ghala la mizigo pale stesheni, wastaafu wa reli walikuwa wakikutana kila Jumamosi mchana kucheza kribeji. Hawakucheza kwa fedha, kwa kuwa mmoja wao alikuwa mzee wa kanisa. Desturi yao ilikuwa hii: anayeingia mara ya kwanza huja na ubao wake. Akishinda, anapata kiti. Akishindwa, ubao wake unatundikwa ukutani na haurudi. Sefania alikuwa mmoja wao, na kiti chake kilikuwa bado kitupu, na Namkunda aliwaza kwamba akikaa pale, atakuwa na mahali pa kusikia jina la mumewe likitajwa kila wiki. Nyumbani halikuwa na wa kulitaja.

Akaufunga ubao kwenye kitenge, akaenda.

Wazee walimpisha kwa heshima. Mzee Kiangi, aliyekuwa gadi wa treni, akamvutia kiti.

"Kiangi, leo unafungwa na jiko!" mmoja akapiga kelele.

"Nilifungwa na mumewe miaka saba," Kiangi akajibu. "Nyumba hiyo nimeizoea." Kisha akamgeukia Namkunda, sauti ikashuka. "Shemeji, desturi yetu unaijua? Ubao huu?"

"Naijua."

"Tunaweza kucheza bila kuweka ubao. Kwa kuburudika tu."

"Baba Nambua alinifundisha yote," Namkunda akasema. "Gawa karata."

Mzunguko wa kwanza alilaza karata zake, akahesabu nne. Kwa mazoea akangoja msumari wake usogezwe. Kiangi akasema, "Umeacha mbili, shemeji," na msumari uliosogea ukawa wa Kiangi. Namkunda akauangalia kama mtu aliyeona mlango wa nyumba yake unafunguliwa na mtu mwingine.

Mzunguko wa pili, vivyo hivyo. Wa tatu, vivyo hivyo. Lakini karata zilimpenda siku ile, zilikuja nzuri, ikawa japo alama anazoacha zinaokotwa na Kiangi, hakuachwa mbali. Mpaka wakafika mwisho. Namkunda alihitaji alama kumi na mbili, Kiangi tano. Zamu ya kuhesabu kwanza ilikuwa ya Namkunda.

Akalaza karata zake. Saba mbili, nane mbili. Juu ya fungu palikuwa na ree, ambayo ni moja.

"Saba na nane, kumi na tano, mbili," akasema. "Saba hii na nane hii, nne. Pacha wa saba, sita. Pacha wa nane, nane."

Akaishia hapo. Wazee walikuwa wakitazama karata, na yule mzee wa kanisa akafumba macho.

"Umemaliza, shemeji?"

"Nimemaliza."

Kiangi akauliza tena, taratibu zaidi, na wema huo msiusahau, maana hakulazimika. "Umemaliza kabisa?"

Namkunda akazipitia tena kwa macho. Akatega sikio. Hakuna aliyekohoa.

"Nimemaliza."

"Umeacha sita," Kiangi akasema, akausogeza msumari wake tundu tano mpaka mwisho.

Hakuna aliyeshangilia. Mzee wa kanisa ndiye aliyesema kwanza. "Mrudishie, Kiangi. Ni mjane."

"Chukua, shemeji," Kiangi akasema, akausukuma ubao kuelekea kwake. "Tuseme leo hukuja. Sisi hatujaona kitu."

Namkunda akaweka kiganja juu ya ubao. Ulikuwa na joto la jua lililopenya dirishani. Vidole vyake vilipapasa matundu, na kwa muda alitaka kuufunga kwenye kitenge na kukimbia.

"Umeshinda kwa haki?" akauliza.

"Kwa haki."

"Basi kwanza nionyeshe hizo sita."

Kiangi akazitenganisha karata kwa kidole. "Saba hii umeiunganisha na nane hii. Lakini inaungana na ile nyingine pia. Mbili. Na saba ya pili vilevile, inavuka huku. Mbili. Kisha saba zote mbili ni kumi na nne, na ree moja, kumi na tano. Mbili."

Ilikuwa rahisi hivyo. Mtoto angeonyeshwa mara moja akaelewa. Namkunda akazihesabu upya kwa kidole. Nane na sita, kumi na nne. Alikuwa ameshinda, na ushindi ulikuwa umelala wazi mbele yake.

"Miaka mitatu," akasema. "Miaka mitatu alikuwa anaziona."

"Alikuonea huruma, shemeji."

"Najua. Na wewe sasa unanionea." Akauinua ubao kwa mikono miwili, akampa. "Utundike. Nikiondoka nao, utakuwa umenisogezea msumari kama yeye." Akajifunga kitenge kitupu kiunoni. "Akuhesabiaye hakufunzi."

Wazee wakauchukua msemo ule. Wakawa wanaambiana mezani mmoja anapotaka kumnong'oneza mwenzake alama aliyoiacha, na watu wa reli ni watu wa safari. Haukupita mwaka ukawa umefika Tanga na Moshi. Ubao ulibaki ukutani. Namkunda hakurudi kuutazama.

Lakini jambo moja hawakulijua wale wazee, na mimi nililisikia kwake mwenyewe. Mchana ule alipofika nyumbani hakuingia ndani. Alizunguka nyuma, penye kaburi la Sefania, ambapo kila siku alikuwa akisimama kumsalimu. Siku hiyo hakumsalimu. Kwenye mkebe chini ya kitanda palikuwa na barua mbili za binti yao Nambua, zilizokuja baada ya mazishi, hazijafunguliwa. Barua zote za nyuma Sefania ndiye aliyekuwa akimsomea mkewe, kwa sauti nzuri, na majibu akamwandikia yeye. Namkunda alipomwomba siku moja amfundishe herufi, alimwambia, "Ya nini ujichoshe, mama, na mimi nipo?"

Akasimama pale mpaka miguu ikamuuma.

"Ulinipenda, Baba Nambua," akasema hatimaye. "Hilo silikatai. Lakini mwanao ameniandikia, na sijui kama anaumwa au anacheka. Akuhesabiaye hakufunzi."