Buldogi wa Bwana Mndolwa na Ndoo ya Jirani

Hii nimeipata kwa dada yangu, naye alitumiwa na mwenzake wa kazini. Isome taratibu, hasa kama kuna mtoto wa mbwa umemwona kwenye simu na moyo umeshampenda.

Huko Tanga aliishi mpima ardhi mstaafu, Gerson Mndolwa. Mkewe alikuwa amefariki, na nyumba ilikuwa kimya mno. Siku moja aliona picha ya mtoto wa buldogi wa Kifaransa: pua bapa, masikio kama ya popo, uso wa mzee aliyenuna. Akacheka peke yake, jambo ambalo hakuwa amelifanya kwa miezi mingi.

Wiki hiyohiyo alikutana na muuzaji nje ya kituo cha mabasi, akakabidhiwa mbwa ndani ya kikapu. Muuzaji hakumuuliza chochote, wala yeye hakuuliza. Akampa jina la Kidume.

Kidume alipokua kidogo, kila asubuhi Mndolwa alimfunga kamba uani, juu ya saruji, alinde nyumba. Kisha alikwenda kwenye shughuli zake.

Mwezi wa Januari, alirudi mchana akamkuta Kidume amelala ubavu, ulimi nje, povu mdomoni, na mwili wote umelowa. Siku tatu baadaye, ikawa vilevile. Mvua haikuwa imenyesha. Nani alikuwa amemmwagia kitu?

Macho yake yakaenda kwa jirani. Bi Saumu, mshonaji wa mapazia, alikuwa mtu wa swala tano na hakupenda mbwa amguse nguo. Tena aliwahi kumwambia, "Bwana Mndolwa, huyo mnyama wako anakoroma kama mgonjwa. Una hakika ni mzima?"

Maneno yale sasa yalimkosesha raha. Kwa nini amwite mgonjwa kabla hajaugua? Akanusa maji ya bakuli, akayaonja kwa ncha ya ulimi, akatema. Bi Saumu alipomletea vitumbua, alivipokea kwa shukrani, kisha akavifukia nyuma ya choo.

Mwishowe alikwenda kwa mwenyekiti wa mtaa, mzee Shekimweri.

"Jirani yangu anampa mbwa wangu sumu."

"Umemwona?"

"Kesho nitamwona, na wewe utakuwa shahidi."

Mzee Shekimweri akakubali.

Kesho yake Mndolwa alifunga geti kwa kishindo kama anayeondoka. Baadaye wawili hao wakaingia kwa nyuma, wakajificha kando ya tangi la maji. Ilipokaribia saa saba mchana, Kidume alianza kuhema kwa sauti kama ya msumeno. Akayumba, akaanguka.

"Mbwa wako huyo ameanguka," alinong'ona mwenyekiti.

"Subiri. Atakuja."

Kweli, mlango mdogo kati ya nyua zile mbili ukafunguka. Bi Saumu aliingia na ndoo na kopo, mkasi wake wa kushonea ukining'inia shingoni. Akaanza kummwagia Kidume tumboni na miguuni.

Mndolwa akajitokeza. "Leo nimekukamata. Ndani ya ndoo hiyo kuna nini?"

Bi Saumu alichota kopo moja, akanywa lote.

"Maji. Sasa mfungue, anakufa."

Mndolwa alihangaika na kamba, fundo likamshinda. Bi Saumu akaikata kamba kwa mkasi, akambeba mbwa kifuani, mate yakimchuruzikia kwenye gauni.

"Nguo nitafua," alisema. "Tafuta gari."

Walikwenda wote, na mwenyekiti pia. Daktari wa mifugo, mama mmoja aitwaye Nakijwa, alimpoza Kidume hadi pumzi ikatulia.

"Hana sumu," alisema. "Mbwa mwenye pua fupi namna hii hawezi kujipoza kwa kuhema kama wengine. Jua la saa saba linamuua. Hukaa ndani penye upepo, hutembezwa asubuhi mapema, na si mbwa wa kulinda geti. Ulimwona mama yake kabla ya kununua? Ulisikia anavyopumua?"

"Hapana."

"Muuzaji alikueleza nini?"

"Sikumuuliza."

"Na aliyemmwagia maji ni nani? Bila yeye ungekuwa unachimba shimo sasa hivi."

Wakati wa kurudi, Kidume alilala mapajani mwa Mndolwa. Mndolwa akasema, "Bi Saumu, nisamehe. Nilikushuku."

"Mimi nami nilikushuku," alijibu Bi Saumu. "Nilidhani umemchoka, unamfunga juani makusudi ili afe. Nilikwenda kukushtaki kwa mwenyekiti."

Mzee Shekimweri, aliyekaa mbele, alikohoa kidogo. "Alikuja wiki nzima kabla yako, Mndolwa. Kila mmoja alinijia na mashtaka ya mbwa huyuhuyu. Ndiyo maana nilitaka kuja kujionea mwenyewe."

 Mndolwa alimkinga mbwa uso kwa kiganja, jua la dirishani lisimpate.

Siku hizi Kidume hulala sebuleni mbele ya feni. Mtu akimwambia Mndolwa kwamba anataka mbwa kama yule, humpeleka kwanza kwa daktari Nakijwa akaulize maswali yote.

Funzo: Kabla hujaleta kiumbe nyumbani kwako, uliza maumbile yake na anachohitaji ili aishi, na akidhoofika mikononi mwako, jichunguze wewe kwanza kabla hujamnyooshea jirani kidole.