Kituk na Manyoya ya Mfalme

Palikuwa na mfalme mmoja katika nchi ya Wamaya, jina lake Tunich, aliyependa kuwa juu ya watu mpaka akakera. Kilemba chake cha manyoya kilikuwa kirefu hata milango ya kasri ikabomolewa na kujengwa upya, mara mbili. Siku moja akatoa amri: kitu chochote cha thamani kikigusa mwili wa mtu wa chini, mtu huyo amekivaa, na akikivaa amejifanya mkubwa. Adhabu yake ni kutupwa katika shimo kuu la maji, yeye pamoja na alichokivaa.

Sasa sikilizeni upuuzi wenyewe. Mji ule ulikaa juu ya mwamba mtupu, hauna mto wala bandari. Chumvi ilitoka pwani, mawe ya kijani yalitoka milimani, na punda huko hawajawahi kumwona. Kila kitu kililetwa na migongo ya watu. Baada ya amri ile, wapagazi wakawa wanasukuma mawe ya thamani kwa fimbo, na chumvi wanaiburuta kwa kamba mpaka mvua inainywa yote. Wakubwa wakala maharage chapwa. Nani angethubutu kulalamika?

Ndipo mfalme akasikia kwamba mfalme jirani amepata manyoya marefu kuliko yake. Roho ikamuuma. Akamwita mpagazi mmoja, Kituk, fukara mwenye mdomo mwepesi kuliko miguu.

"Niletee manyoya ya ndege wa milimani. Upesi!"

Kituk akaenda siku ishirini, akarudi siku ishirini, robota mgongoni, maana manyoya hayasukumwi kwa fimbo. Mfalme akashindwa kungoja. Akatoka na waziri wake kumpokea nje ya mji, machela yake ikazama topeni. Basi Kituk akahamishia robota kifuani, akambeba mfalme mgongoni hadi langoni, mfalme akimvuta masikio ili akaze mwendo.

Kesho yake barazani manyoya yakapimwa. Yalikuwa mafupi kuliko yale ya jirani kwa kidole gumba kimoja. Mfalme akavimba.

"Kituk! Haya yamekuja juu ya nini?"

"Juu ya mwili wangu, Mtukufu."

"Basi umeyavaa!"

"Nimeyabeba, Mtukufu."

"Yalikugusa, hayakukugusa?"

"Yalinigusa."

"Waziri, amri inasemaje?"

"Shimoni, Mtukufu," waziri akajibu bila kuinua macho. "Yeye nayo."

Kituk aliogopa, tusidanganyane. Kifo kilikuwa mbele yake, na mkewe amemtia machoni usiku mmoja tu baada ya siku arobaini. Lakini ulimi wake haukuwa na habari ya hofu hiyo.

"Nakubali, Mtukufu. Ila nataka kuelewa. Nilichokivaa lazima kitupwe?"

"Lazima."

"Hata kiwe cha thamani?"

"Hata kiwe cha thamani kuliko vyote mjini humu! Amri yangu haina upendeleo."

"Na kikilia, kikaomba kusamehewa?"

Mfalme akacheka mpaka kilemba kikayumba. "Manyoya yalie? Yakilia, yatupwe haraka zaidi!"

"Ahsante, Mtukufu. Maana mimi nilivaa vitu viwili."

"Viwili? Ewe mhaini! Kimoja hakikukutosha?"

"Kilinitosha sana. Cha pili kilijipandisha chenyewe. Sasa kitangulie kipi shimoni?"

"Kile kizito!" mfalme akanguruma. "Kizito kitangulie, sasa hivi, nyote mmesikia!"

Walisikia. Askari wakasogea na kamba. Kituk akanyoosha mikono ili afungwe, akamgeukia waziri kwa adabu zote.

"Mheshimiwa Waziri, jana pale topeni ulikuwepo, ulikiona kile kizito kikinivuta masikio. Hebu nisaidie kumuuliza: Mtukufu anajua kuogelea?"