Mzee Kidunda na Mkataba wa Kijito

Paukwa!
— Pakawa!
Wa huko nyuma sijawasikia. Paukwa!
— Pakawa!

Haya, sogeeni. Zamani sana, kabla babu wa babu zenu hajaota jino, palikuwa na nchi moja yenye vijiji kumi na viwili. Sita vilikuwa juu mlimani, sita vilikuwa chini bondeni. Katikati kilipita kijito. Watu wa Mlimani walilima mtama. Watu wa Bondeni walilima miwa na kupika sukari guru. Walioana. Walizikana. Na ngoma yao ya baraza ilikuwa moja. Ikilia ndi! ndi! ndi! wote walikuja.

Lakini Bondeni palikuwa na watumwa. Hao ndio waliokata miwa. Hao ndio waliokoroga sukari motoni. Ngoma ilipolia, hao hawakuitwa.

Watu wa Mlimani wakasema, "Mtu hamiliki mtu. Waacheni huru."

Watu wa Bondeni wakasema, "Na miwa yetu ataikata nani? Ninyi?"

Kila baraza, maneno yaleyale. Wazee wakarushiana vigoda. Vijana wakaanza kunoa mapanga, kwaru, kwaru, kwaru.

Ndipo akasimama Kidunda. Wakati huo hakuwa mzee bado. Alikuwa mrina asali wa Mlimani, mtu wa maneno machache, na binti yake Siwema alikuwa ameolewa Bondeni. Hakutaka vita. Akasema, "Kijito kiwe mpaka. Ng'ambo hii pasiwe na mtumwa. Ng'ambo ile, wafanye watakavyo. Na mtumwa akitoroka akavuka, arudishwe kwa bwana wake."

Watu wakashangilia! Mapanga yakarudi alani. Wakamvika Kidunda shuka nyeupe, wakampa kigoda cha mbele. "Kidunda ameiponya nchi!"

Je, ugomvi ulikwisha?
— Ulikwisha!
Mnasema hivyo kwa sababu hamkuwa watumwa.

Miaka ishirini ikapita. Waliovuka walikamatwa, wakarudishwa. Mzee Kidunda alisikia habari zao tu, kama mtu anavyosikia kwamba mvua imenyesha kijiji cha mbali. Hakuwahi kumwona hata mmoja usoni.

Siku moja, jua la utosi, mzee yuko uani kwake anakamua masega. Akasikia kijitoni: chubwi! chubwi! chubwi! Akatokea mwanamke, nguo imechanika, mguu unavuja damu. Jina lake Zafarani.

"Hodi, babu. Naomba maji."

Akampa. Kata ya kwanza akanywa. Kata ya pili akanywa. Ya tatu akajimwagia kichwani.

"Unatoka wapi, mwanangu?"

"Kwa Jumbe Mwekambi, mkubwa wa Bondeni. Nimekata miwa yake tangu utotoni. Juzi amemwuza binti yangu. Nilipolia, akaniambia kilio hakikati miwa."

Mzee hajajibu, wakaingia wanaume watatu na kamba.

"Shikamoo, mzee. Tumemfuata huyu. Mkataba ni wako mwenyewe, hatuna haja ya kukueleza."

"Marahaba. Na waliorudishwa kabla yake, wako wapi?"

Wakatazamana. "Wengine wapo," akasema mmoja.

"Na wengine?"

Mmoja akaanza kukunjua kamba.

Zafarani akamgeukia mzee. "Kumbe ni wewe? Wewe ndiye uliyesema turudishwe?"

"Ni mimi."

"Siku hiyo mlipokaa, babu, nani alikaa upande wetu?"

Mzee akaliweka sega chini. Akajifuta asali mikononi.

"Hakukaa mtu," akasema.

Kisha akawaambia wale watatu, "Nendeni. Huyu harudi."

"Mzee, unavunja neno lako!"

"Ndiyo, nalivunja. Kamwambieni Jumbe."

Ndi! ndi! ndi! Ngoma ikalia. Vijiji vyote kumi na viwili vikaja. Jumbe Mwekambi akasimama, mtu mrefu, kifua mbele. "Mrudisheni mwanamke yule. La sivyo, kuanzia leo Bondeni ni nchi peke yake."

Hata watu wa Mlimani wakaingiwa na hofu. "Mzee, ni mtu mmoja tu! Tukose amani kwa ajili ya mtu mmoja?"

Na upande wa Bondeni akainuka Siwema, yuko karibu na mumewe. "Baba! Wakijitenga, mimi sitakuona tena."

Mzee Kidunda akamtazama binti yake. "Najua, mwanangu," akasema.

Akavua shuka nyeupe, akaikunja, akaiweka juu ya kigoda cha mbele.

"Mnasema leo naigawa nchi. Nchi niliigawa siku ile mliyonivisha hii. Niliwapatanisha wenye vigoda, nikawafunga kamba wasio na vigoda. Nilikosea. Zafarani harudi."

Watu wa Bondeni wakaondoka. Kesho yake wakalikatakata gogo lililokuwa daraja la kijito, ko! ko! ko! Likaanguka majini, pwaaa! Nchi ikawa mbili. Soko likafa. Wakwe hawakuonana. Kisha ikaja mishale. Maghala ya mtama yakaungua. Mlimani walikufa vijana kumi na wanne, Bondeni wengi zaidi, na mume wa Siwema akiwa mmoja wao.

Kina mama wakaenda uani kwa Mzee Kidunda. "Umetuulia watoto!" Hakujificha. Hakujitetea. Alikaa, akasikiliza, akaenda kila matanga. Lakini walipomwuliza, "Tumrudishe?" alijibu, "Harudi."

Na kijitoni je? Chubwi! chubwi! Wakavuka wawili. Chubwi! chubwi! chubwi! Wakavuka kumi. Wakavuka mpaka maji yakawa tope. Zafarani alisimama ukingoni kuwapokea, na hakurudishwa hata mmoja. Wakapewa majembe, wakalima. Wengine walishika upinde wakalinda maghala. Taratibu watu wa Mlimani wakaacha kusema "watumwa wale." Wakawaita majirani.

Bondeni, miwa ikakomaa. Ikakauka. Ikaanguka. Mwaka wa tatu Jumbe Mwekambi akashika panga mwenyewe. Mikono ikamvimba malengelenge. Akaja ukingoni, akaita.

"Kidunda! Tumechoka. Turudie mkataba wa zamani."

"Ule umekufa, Jumbe. Njoo tukae upya. Na safari hii, nao wakae."

"Wakae juu ya vigoda?"

"Juu ya vigoda."

Jumbe akageuka, akaitazama miwa yake iliyoanguka. Mwisho akasema, "Basi lazeni gogo jipya la kuvukia."

Gogo likalazwa. Wa kwanza kuvuka hakuwa Jumbe. Alikuwa Siwema, amembeba mtoto asiyemjua babu yake. Mtoto akaogopa ndevu, akalia. Mzee akacheka, naye huku analia.

Ngoma ikapigwa, na mara hii waliitwa wote. Jumbe Mwekambi akamwambia Mzee Kidunda, "Haya, sema. Watu hawa wanataka nini?"

"Waulize wenyewe. Mimi niliwahi kuwaamulia mara moja, na mmeona."

Zafarani akainuka.

"Mtumwa asiwepo, ng'ambo hii wala ng'ambo ile. Mashamba tuliyoyalima tugawiwe na sisi. Nawe, Jumbe, utakwenda nami kumtafuta binti yangu. Wewe ndiye unayemjua uliyemwuzia."

Wote wakamtazama Jumbe Mwekambi. Yeye akatazama mikono yake yenye malengelenge.

"Tunaondoka lini?" akauliza.

"Kesho asubuhi."

Wakaenda, mbele Jumbe, nyuma Zafarani. Mwezi wa kwanza, kimya. Mwezi wa pili, kimya. Mwezi wa nne watu wakaona vumbi njiani, wakatoka mbio kutazama. Walikuwa wamekwenda wawili. Walirudi watatu.

Basi ninyi mtakaokaa barazani kesho: mkiona ugomvi wa wakubwa umekwisha upesi na kila mtu anapiga makofi, ulizeni kwanza nani hakuitwa. Amani iliyonunuliwa kwa mgongo wa mwingine huigawa nchi huku watu wanashangilia.

Hadithi yangu naitua hapa. Mwenye yake aitoe, tumsikilize.