Fisi Aliyekula Vicheko

Paukwa!
— Pakawa!
Hadithi iko mlangoni!
— Iingie!
Wewe wa nyuma sijakusikia. Usipoitikia, ataitikia mwingine kwa niaba yako, na huyo humtaki.

Hapo kale palikuwa na Fisi mkubwa, mbavu zake pana kama mlango wa zizi. Hakutosheka na nyama. Alikula vicheko. Alitembea jua la utosi, wakati vivuli vimejikunyata miguuni, akibisha nyumba kwa nyumba: "Hodi! Hodi!" Na mwenye adabu gani huiacha hodi bila kuitikia? Ukisema tu "Karibu," fyuu! Kicheko kimekutoka, Fisi kakimeza. Toka hapo utalima, utapika, utakula, lakini hutacheka tena. Naye akipita njiani, midomo kaifunga, mnasikia watoto wanacheka tumboni mwake. Kwi kwi kwi!

Siku moja alibisha kwa Mama Buku, panya mjane aliyetwanga mtama wa watu ili wanawe wapate chenga. Mama yuko kisimani. Kitindamimba wake, Kidawa, akaitikia, "Karibu!"

Fyuu!

Mama aliporudi alimkuta Kidawa ameukabili ukuta, hali, hasemi. Mama akajua. Kicheko cha mtoto kisiporudi kabla ya jua kuzama, mtoto hukifuata hukohuko kilikokwenda. Aliumia sana, jamani. Akalia, akajifuta, akasimamisha kinu, maana mtama wa watu nao ulikuwa unangoja.

Fisi akarudi kumfuata mama. "Hodi!"

"Shikamoo, mjomba," akasema Mama Buku. Lile neno hakulisema.

"Marahaba. Kicheko chako kiko wapi?"

"Kazi imekizamisha, mjomba. Kiko chini kabisa ya kinu, tena kimenona. Twanga, utakifikia."

Fisi akashika mchi. Twa! Twa! Twa!

"Umekiona?"

"Bado."

"Twanga, mjomba."

Sasa, kila mtwangaji hutoa pumzi mchi unaposhuka. Fisi hakuwahi kutwanga maishani mwake. Alibana pumzi mpaka macho yakamtoka.

"Toa pumzi, mjomba! Mbavu zitapasuka!"

Twa! "Hii!" Kicheko cha Swala kikamtoka mdomoni, mbio kwao. Twa! "Hii!" Kikatoka cha Bibi Kanga. Twa! "Hii!" Cha Ngiri. Fisi hakuona, macho yako kinuni, na Mama Buku anaongeza mtama. Tumbo likanywea. Likanyamaza.

Lakini Kidawa bado ameukabili ukuta. Kicheko chake kilikuwa kitamu mno, Fisi alikificha chini ya ulimi anakimung'unya. Jua likawa jekundu. Mama Buku akazunguka nyuma, akamgonga Fisi mgongoni kama anayegonga mlango, ko ko ko.

"Hodi humo ndani!"

Hata Fisi alilelewa na mama. Akaitikia, "Karibu!"

Fyuu! Kikatoka cha Kidawa. Na nyuma yake, fyuu! kikatoka cha Fisi mwenyewe, kikakimbilia porini, naye akakifuata. Mpaka leo, mkisikia fisi anacheka huko nje, hicho ni kicheko peke yake. Mwenyewe yuko nyuma, anakikimbiza, halii wala hacheki.

Ndani ya nyumba, kwi kwi kwi! Mama Buku akachungulia kinu. Mtama wote umetwangwa. Akakaa chini akacheka mpaka machozi.

Mnataka funzo? Haya. Mwenye bidii kuliko wote hapa ni Fisi. Alitwanga hadi machweo bila kupumzika, na furaha yote ikamtoka. Basi wanangu, msijitume, msivumilie, lalani tu. Ila vyombo vioshwe kwanza.

Hadithi imetoka!
— Fungeni mlango!

Ko ko ko.

Sss. Lile neno msiliseme. Haya, sote pamoja: shikamoo, mjomba.