Kaa Sikudhani Ampima Papa

Hapo zamani za kale, kabla bibi yake bibi yangu hajaota jino la kwanza, palikuwa na kaa wa mikokoni akiitwa Bi Sikudhani. Alikuwa mjamzito, na mimba ya kaa si mchezo, jamani: mayai maelfu kwa maelfu, kayabeba chini ya tumbo mpaka limeumuka kama andazi. Ilikuwa lazima ayafikishe bahari kuu siku ileile, kabla maji hayajapwa. Yakianguliwa huku kwenye tope, watoto wote kwisha.

Sasa basi, hori lile la mikoko, mkono wa bahari ulioingia nchi kavu, lilikuwa na mlango mmoja tu wa kutokea, na mlangoni alikuwapo Mwinyi Papa, mwenye ncha nyeusi mapezini kana kwamba kachovya wino. Papa huyu hajui kutulia, akisimama anakosa pumzi. Basi ni kwenda na kurudi, kwenda na kurudi, utadhani mlinzi aliyebanwa na haja.

Mgongoni alikuwa na kibandiko cha njano. Wiki iliyopita wavuvi wa kujifurahisha walimnasa kwa ndoana, wakamvuta saa nzima, wakampima, wakamchomeka kile kibandiko chenye namba, wakamwachia. Mwenzenu akarudi nyumbani anatangaza kwamba ametunukiwa nishani!

"Shikamoo, Mwinyi," akasema Sikudhani.

"Marahaba, kitoweo! Wapi na mzigo huo?"

"Naenda kujifungua, baba."

"Jifungulie tumboni mwangu. Nafasi ipo."

Sikudhani akatetemeka miguu yote, na kaa ana miguu mingi ya kutetemesha. Akawahurumia wanawe, akajihurumia na mwenyewe. Halafu akakiona kile kibandiko, akakumbuka jambo alilowahi kulishuhudia siku papa mmoja alipopinduliwa na wimbi.

"Lo! Ndiyo ile nishani? Imekupendeza. Ila nasikia papa wa hori la pili kavishwa mbili. Eti kakupita urefu shubiri nzima."

"Nani? Yule kibogoyo?" Papa akafoka, jino moja likamchomoka, pwii! Hakujali. Meno ya papa yamepangwa safu kwa safu, likidondoka la mbele, la nyuma linasogea. "Mimi ndiye mrefu!"

"Mimi nakuamini, Mwinyi. Wenzangu ndio wanataka kipimo. Hao wavuvi walikupimaje?"

"Kifudifudi, juu ya mashua."

"Astaghafiru! Wamekupunja! Kitambi kilikuinua, mkia ukajikunja. Papa wa heshima hupimwa chali. Lala, nikupime kwa gando."

Papa akamtazama kwa jicho moja. "Nikilala ukanikimbia, je?"

"Nikimbie? Na tumbo hili? Mie mwendo wangu wa upandeupande, baba. Nikianza leo nitafika keshokutwa."

Papa akacheka mpaka maji yakatibuka. Kisha akajipindua, gubu! Tumbo jeupe likaelekea juu.

Sikudhani akapanda puani. "Shubiri moja..."

"Usinitekenye!"

"Mbili..."

"Pima vizuri, na mkia... na mkia..."

"Tatu."

Kimya. Papa kaachama, mapezi yamelegea, kalala fofofo. Ndivyo walivyo, watoto: mlaze papa chali, usingizi unamchukua hapohapo, na ukali wake wote unakwenda nao.

Sikudhani akapita juu ya tumbo lake, maana ndiyo ilikuwa njia fupi. Alipofika ng'ambo akashuka hadi mgongoni, akakibana kile kibandiko kwa gando, kacha! Akaondoka nacho, upandeupande, mbio!

Huko bahari kuu akatikisa tumbo, wanawe wakatawanyika majini kama vumbi. Bi Sikudhani akalia kwa furaha, akaingia kwenye ufa wa mwamba palepale nje ya mlango wa hori.

Mara wimbi likampiga papa ubavuni, chubwi! Akapinduka, akazinduka, akapayuka, "Ngapi? Nimefika ngapi?"

"Niliishia tatu, Mwinyi," sauti ikatoka mwambani. "Ulikuwa unakoroma."

"Na nishani yangu iko wapi?"

"Nimeitundika mlangoni kwangu. Namba ya nyumba. Ukipita, piga hodi."

Papa akalivamia lile jiwe, kakara! Meno kumi na mawili yakadondoka kwa mpigo.

Basi shikeni hili, nami nifunge mdomo: mwenye uchu wa sifa hulala chali mwenyewe, hahitaji kusukumwa.