Bakuli Lisilo na Chumvi

Hapo zamani za kale, watoto, wanyama walipokuwa na majiko yao na makaburi yao kama sisi, Digidigi aliishi na mkewe Sikudhani katika Bonde la Migunga. Kiangazi kilipoanza, Sikudhani akafa. Wakamzika nyuma ya nyumba, hatua kumi na mbili kutoka mlangoni. Digidigi alizipima.

Katika bonde lile, mfiwa alinyolewa, alikula chakula kisichotiwa chumvi kwa siku arobaini, na kila jioni aliketi mkekani kando ya kaburi. Digidigi aliketi. Lakini hakupika wala hakula.

Siku ya pili Shangazi Pimbi, jirani yake mzee, akaja akihema.

"Hodi! We Digidigi! Mbona jiko lako halitoi moshi?"

"Nimpikie nani, shangazi?"

"Jipikie mwenyewe! Desturi umeisahau? Jiko likikaa siku tatu bila moshi, nyumba imehamwa, mwingine anaingia. Fisi ameshakuja kuchungulia mara mbili. Anaupima mlango wako kwa mkia."

"Aichukue."

"Na kaburi je? Litakuwa uani kwake!"

Digidigi akainuka.

Akachukua kata, akapima unga. Mkono wake ulizoea kata mbili, ukapima mbili. Chakula kikabaki. Kesho yake kikabaki tena.

"Kipeleke lamboni," Shangazi Pimbi akamwambia. "Nyati na wenzake wanachimba bwawa tangu asubuhi, na mchana wanatafuna majani makavu. Wakupe unga na kunde, wewe uwapelekee chakula cha mchana."

Hivyo ndivyo kazi ilivyoanza. Asubuhi Nyati, Kiboko na Nyumbu walipitisha unga, kunde na kuni. Mchana Digidigi aliyafunika mabakuli kwa majani ya mgomba, akayatundika kwenye mzega begani, akashika njia: kwatu, kwatu, kwatu. Chakula chao alikitia chumvi. Chake alikipika kando, katika chungu kidogo cha matanga, bila chumvi.

"Lo!" Nyati akasema siku ya kwanza, kinywa kimejaa. "Kunde hizi nani kakufundisha?"

"Ni mapishi ya Sikudhani."

"Mungu amrehemu. Na wewe kesho ongeza ugali!"

Moshi ukapanda kila siku, na Fisi akauona. Njia ya lamboni ilipita kati ya miamba miwili. Fisi akaenda kuketi hapohapo, katikati.

"Simama! Mimi ndiye mkaguzi wa chakula."

"Nani kakuweka, Mzee Fisi?"

"Meno yangu. Tua mzigo." Akachota. "Kijiko hiki ni cha kuonja chumvi." Nyaku! "Imekolea. Hiki ni cha kuonja kama zimeiva." Nyaku! "Na hiki ni cha kuhakikisha kwamba kile cha pili hakikukosea." Nyaku! Nyaku!

"Wachimbaji watakula nini?"

"Watakula kilichokaguliwa. Hii! Hii! Hiiii!"

Ikawa hivyo siku ya pili, ya tatu na ya nne.

"Digidigi," Kiboko akauliza, akitazama ndani ya bakuli, "leo umetuletea chakula au harufu?"

"Fisi ananizuia njiani."

"Fisi anasema hajakuona," Nyati akajibu. Hakuwa na hasira. Ndiyo maana maneno yake yaliuma. "Tunajua umefiwa, ndugu yangu, tumenyamaza siku nne. Lakini sisi tunabeba udongo. Kesho mabakuli yakifika nusu tena, usihangaike kuja. Na unga hatuleti."

Bila unga hakuna moto. Bila moto, siku tatu, nyumba ni ya Fisi na kaburi ni lake. Digidigi akaelewa kwamba Fisi hakuwa na njaa ya kunde tu.

Akaenda kwa Shangazi Pimbi.

"Shangazi, kesho Fisi atakula chungu changu."

Shangazi Pimbi akaacha kupepeta. "Chungu cha matanga?"

"Ndicho."

"Hicho kikishachukuliwa na mwingine hakirudi kwako. Unajua?"

"Najua."

"Arobaini yako imebakiza siku ngapi?"

"Kumi na tisa."

Shangazi akamtazama sana. Hakumkataza.

"Niitie Nyati na wenzake," Digidigi akasema. "Wasimame nyuma ya mwamba, wasikie tu."

Jioni ile aliketi kando ya kaburi muda mrefu kuliko siku zote. Kisha akaukung'uta mkeka, akaukunja vizuri.

Mchana wa kesho yake, kwatu, kwatu, kwatu, mpaka kwenye miamba.

"Simama! Tua!"

"Nimetua. Ila nakuomba, Mzee Fisi, bakuli la juu usiliguse. Ni langu mwenyewe, na bado sijalionja."

"Ahaa! Kumbe kizuri unajiwekea wewe!"

Nyaku! Fisi akameza. Uso ukamkunjamana.

"Ptuu! Hakina chumvi! We mdudu, chakula gani hiki hakina chumvi?"

Nyati akatokeza nyuma ya mwamba. "Sema tena."

"Ha... hakina chumvi."

"Kiboko, umesikia?"

"Nimesikia. Na kunde ziko puani kwake, naziona."

"Fisi," Nyati akasema, "umekula chungu cha matanga kabla mfiwa hajaonja. Desturi unaijua. Anayemtangulia mfiwa amebeba matanga yake."

"Mimi? Marehemu ni nani yangu?"

"Tangu sasa ni wako. Utanyolewa. Utakaa kaburini siku arobaini, na kwa wizi wako, usiku na mchana. Njiani hukai, nyumba ya mtu huchungulii, na hucheki."

"Sicheki?"

"Hata kidogo."

Fisi akafumbua kinywa: "Hii..." Nyati akapiga kwato chini, puu! Kinywa kikajifunga.

Wachimbaji wakacheka mpaka wakashikana mabega. "Mdogo huyu! Kamweza!"

Nyumbu akachota mchuzi wenye chumvi kutoka bakuli la pili, akamkaribia Digidigi taratibu. "Lamba, ndugu. Matanga yako yamebebwa. Wewe umemaliza."

Maana desturi ilikuwa na upande wa pili. Kaburi moja lilikuwa na mfiwa mmoja. Aliyebebewa matanga hakuketi tena mkekani, hakulia tena pale.

Digidigi akalamba. Chumvi ikamwasha ulimini.

Mabakuli yakafika yamejaa siku ile, na siku zote baada yake. Swala wakaomba nao waletewe, pundamilia wakaomba. Moshi ulipanda mapema kuliko nyumba zote za bondeni, na hakuna aliyethubutu kuipima nyumba ile kwa mkia.

Nyuma ya nyumba, kichwa kipara, Fisi aliketi juu ya mkeka wa Digidigi. Mwenye matanga hulishwa na nyumba. Basi ile kata ya pili, ambayo mkono wa Digidigi haukuweza kuacha kuipima, ikawa chakula cha Fisi.

Siku moja Digidigi aliweka bakuli chini, akasita.

"Huwa unamwambia nini?"

"Nani?"

"Sikudhani."

"Mimi?" Fisi akapiga miayo. "Mimi nahesabu siku. Usikae hapo, desturi hairuhusu. Na kesho ongeza kunde."

Digidigi akageuka. Akarudi jikoni, hatua kumi na mbili. Wateja walikuwa wanangoja, akachukua kata.

Funzo lake, watoto, ni hili: ukiifanya huzuni yako kuwa mtego, utaokoa nyumba, lakini utakosa mahali pa kulia.