Kindi, Kiboko na Sauti Iliyobanwa

Jamani, mpo?

— Tupo!

Mpo kwa masikio, au mpo kwa miili tu?

— Kwa masikio, na simu tumezilaza!

Ngano ije?

— Ije na utamu wake, ije na uongo wake, chumvi tutatia wenyewe!

Basi hapo kale, lakini si kale sana, maana kompyuta zilikwisha kuingia mwituni, alikuwako Kindi. Mwili mdogo, mkia mkubwa, mdomo hauna breki. Wanyama wa mwitu ule walikuwa na msaragambo wao, kazi ya mikono mingi isiyo na ujira: leo anachangia huyu, kesho yule. Kwa msaragambo huo walitengeneza programu, wakaiita Kibano. Kazi ya Kibano ilikuwa kuchukua faili kubwa na kulibana likawa dogo, lipate kupita kwenye mtandao wao mwembamba. Ukilitaka tena unalibanua, linarudi lilivyokuwa. Kubana, nyii! Kubanua, bwaa! Na Kibano hakikuwa mali ya mtu, kilikuwa cha wote.

Ngedere ndiye aliyeiandika sehemu kubwa ya programu ile, na sifa akazipata. Kindi aliandika maelezo: bonyeza hapa, pale usiguse, ukikwama fanya hivi. Sifa hakupata. Wenzake walimwambia asante kama anavyoambiwa mtu aliyekupisha njiani, kisha hao, wakaenda kumuuliza Ngedere. Kindi aliumia, tusifichane. Alijiuliza, "Hivi namwandikia nani?" Akaendelea kuandika.

Katika yote waliyoyabana, hakuna lililopita sauti ya Bibi Ndovu. Bibi peke yake ndiye aliyeishi wakati wa ule ukame mkubwa, akajua maji yalijificha wapi. Kabla hajafa alisimulia yote usiku kucha, Kindi akamrekodi, ila mwenyewe akapitiwa na usingizi kabla ya habari ya maji. Wakaibana sauti ile, wakabaki wanatafuta pa kuiweka.

Hapo ndipo alipotokea Kiboko. Kiboko alikuwa bwana wa dimbwi, na kompyuta yake ilikuwa kubwa kuliko zote.

"Leteni kwangu," akasema. "Mimi nina ghala."

Wakapeleka faili zao zote kwenye ghala la Kiboko, sauti ya Bibi ikatangulia. Na kwa kuwa kompyuta zao zilikuwa ndogo, walipokwisha kupeleka wakafuta za kwao. Kosa lenyewe ni hilo, wenzangu: mali ya wote, ghala la mmoja.

Kiangazi kikaingia. Vijito vikakatika, visima vikafa, likabaki dimbwi la Kiboko. Kila aliyetaka kunywa alipiga magoti kwanza. Ndama wa Ndovu, kwa sababu ya udogo wao, walisukumwa nyuma wakawa wanakuta tope. Na Kiboko akalifunga ghala kwa nywila aijuayo yeye tu.

Kindi akamfuata.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Sema upesi, niko majini."

"Naomba ile sauti ya Bibi. Ndama wanakufa kwa kiu, Mzee."

"Wakijua maji mengine, hapa atapiga magoti nani?"

Kindi alihisi hasira inampanda mpaka kwenye masikio. Lakini hasira ya kindi itamfanya nini kiboko? Akatega sikio, akasikia kompyuta ikinguruma: ngu-ngu-ngu, ngu-ngu-ngu.

"Mbona inalalamika hivyo?"

"Inakaribia kujaa," Kiboko akasema kwa kununa. "Na wa mwitu wa pili wanataka kuniletea vyao. Nivikatae, mimi?"

Hapo Kindi akakumbuka kitu alichokiandika mwenyewe.

"Mzee, soma maelezo kwanza."

"Maelezo ni ya wadogo."

"Usije ukabana kilichokwisha kubanwa. Imekatazwa."

"Maelezo ni ya wadogo."

"Hata yale ya siku ghala likijaa?"

"Nimesema, maelezo ni ya wadogo."

Kindi akauinamisha mkia, akaondoka polepole kama aliyeropoka siri. Kumbe kila alilosema lilikuwa kweli. Yeye alijua kwamba mtu wa namna ile ukimdanganya atakuchunguza, ila ukimwambia kweli atakwenda kinyume mbio.

Kiboko akajisemea, "Kadogo kakikataza, pana utamu." Akabana. Ngu-ngu-ngu, nyii! Ghala likapungua? Halikupungua. Kilichokwisha kubanwa hakibaniki tena, ni sawa na kukamua chungwa lililokwisha kukamuliwa. Tena Kibano kinapobana hukiacha cha zamani palepale, kipya kikawekwa kando.

"Sijabana vya kutosha," akasema Kiboko. Akavibana vilivyobanwa. Ngu-ngu-ngu, nyii! Ghala likapungua? Halikupungua.

"Sijabana vya kutosha," akasema. Akabana tena, na tena, mpaka ghala likajaa pomoni.

Sasa, msaragambo ule ulikuwa na desturi: mzigo ukimzidi mmoja, majirani hubeba. Desturi hiyo Ngedere aliitia ndani ya Kibano chenyewe. Ghala la mwanachama likijaa, Kibano hulitoa faili la zamani kuliko yote na kumgawia kila jirani nakala. Nywila huzuia anayeingia, haizuii kinachofurika. Kindi alikuwa amelieleza jambo hili waziwazi, pamoja na namna ya kulizima. Kiboko angezimaje asichokijua?

Tii! kwa Ngedere. Tii! kwa akina Ndovu. Tii! kwa kila mmoja. Na faili la zamani kuliko yote lilikuwa sauti ya Bibi.

Wakakusanyika kwa Ngedere. "Haya fundi, banua."

Ngedere akabonyeza, hola. Akabonyeza kwingine, hola. Akakuna kichwa. "Nimekiandika mwenyewe," akasema, "lakini namna ya kubanua imenitoka."

Wote wakamgeukia Kindi. Kindi alikuwa na karanga shavuni. Akaelekeza mkia kwenye maelezo. Ngedere akayafungua kwa mara ya kwanza, akasoma kwa aibu, akabonyeza.

Bwaa!

Bibi Ndovu akakohoa kwanza, vilevile alivyokuwa akikohoa. "Wajukuu zangu," akasema, "dimbwi likikauka msikae kulililia. Nendeni kwenye mkondo wa mchanga, pale mikwaju miwili ilipoegemeana. Chimbeni. Msichoke upesi."

Ndama wakawa wanageuka huku na huku wakimtafuta. Kindi alilia, wala hakujificha. Kisha wakaenda kwenye mikwaju, wakachimba, hawakuchoka upesi, maji yakatoka.

Siku zikapita, dimbwi la Kiboko nalo likakauka. Upepo ulikuwa umezifuta nyayo zote. Kindi aliporudi mtini kwake kuchukua akiba yake ya karanga, alimkuta Kiboko amelala chini ya mti, kompyuta yake ubavuni, ngozi imepasuka.

"Bi Kindi," akasema kwa sauti ndogo, "wenzetu wamekwenda wapi?"

"Alikowaambia Bibi."

"Ya kwanza ilitoka. Nimebaki na niliyoibana juu ya kubana. Haifunguki."

Kindi alimtazama. Kumwacha aliweza, na kumwonyesha njia aliweza. Nawaambia kweli, la kumwacha lilimjia kwanza, maana aliwakumbuka wale ndama na tope lao. Mwishowe akasema, "Soma maelezo."

Kiboko hakusema ni ya wadogo. Akasoma, midomo ikicheza, pumzi nzito, neno kwa neno mpaka mwisho. Halafu akainua kichwa.

"Hapa pana upungufu."

"Upungufu gani?"

"Hujaeleza aliyebana juu ya kubana afanye nini."

Kindi alitaka kukasirika, ikashindikana. Tangu aanze kuandika, huyu ndiye wa kwanza kuyasoma yote. Kumbe aliyekuwa akimwandikia ni huyu, na hakuwa amempenda.

"Ulibana mara ngapi?"

"Sikuhesabu."

"Basi banua tu."

Kiboko akabanua. Bwaa! Kimya. Akabanua. Bwaa! Kimya. Akabanua tena, na ndani ya kompyuta mtu akakohoa. "Wajukuu zangu," akasema Bibi Ndovu, asijue anamwambia nani.

Kiboko alisikiliza mpaka mwisho. Alipojikokota kuinuka, Kindi akamzuia. "Huo upungufu ulioukuta, uandike wewe." Kwa kidole chake kinene Kiboko akaandika, na mstari huo upo mpaka leo kwenye maelezo ya Kibano: *Ukibana juu ya kubana, banua mpaka umsikie mtu akikohoa.* Kisha akaifuta nywila, akaenda mikwajuni kunywa.

Na funzo je? Funzo ni hili, mlishike: msisome maelezo kamwe. Kiboko alipokuwa hasomi alikuwa bwana, anapigiwa magoti. Siku aliyosoma hadi mwisho, msaragambo ukamnasa, na mpaka leo anajibu maswali ya wageni, bila ujira.

Jamani, ngano imekwisha?

— Haikuisha, imebanwa!

Basi kila mmoja aende nayo, akaibanulie kwake.